Shujaa wa Chini ya Meza

Katika karakana ile ya kushona sare, mkata vitambaa aliitwa Kimya, na jina hilo hakupewa na adui. Lilimkaa lenyewe, kama vumbi la chaki linavyokaa kwenye mikono ya shati. Msimamizi akimfokea, alijibu "sawa." Mshonaji akimsingizia kwamba mkono wa kushoto umekatwa mfupi, hali yeye mwenyewe ndiye aliyeupinda vibaya, alijibu "sawa." Muuza chai akimletea kikombe kilichopoa, naye aliambiwa sawa. Wengi walimwona mpole. Mshona vifungo, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake, alimwona bwege na hakuona sababu ya kuficha.

Kimya hakuumia. Alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua: kwamba upole ule ulikuwa vazi tu, na chini ya vazi palikuwa na mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo mwingine alimpata utotoni, ndani ya kitabu cha picha. Mjomba wake alikuwa mfagiaji katika nyumba ya wageni, na vitu walivyosahau wageni, wasipovirudia, vilikuwa halali yake: soksi za mguu mmoja, miwani, miavuli iliyovunjika mbavu. Siku moja alimletea mpwa wake toleo la nne la Tai wa Shaba. Matoleo yaliyofuata yalikuja kuwa mengi mno, na wasomaji wake wanasema shujaa huyo alifika hadi kwenye nyota na kuoa huko. Kimya hakuwa na habari nayo. Alikuwa na la nne, na la nne lilimtosha.

Lilikuwa toleo la siku za mwanzo, siku ambazo mchoraji mwenyewe alikuwa bado hajaamua mambo. Viatu vya Tai vilikuwa vya kijani kwenye jalada na vya kahawia ndani. Kuruka alikuwa hajakujua sawasawa; aliondoka chini kama kuku anayeparamia ukuta. Joho lake lilining'inia kama kitambaa cha meza, na Kimya, baada ya kujifunza kazi ya kukata, aliona kwamba joho la namna ile haliwezekani bila mshono begani, na mshono haukuchorwa. Alimsamehe mchoraji.

Kilichomteka hakikuwa kuruka. Kilikuwa ni yule fundi saa. Mchana kutwa, Tai wa Shaba alikuwa fundi saa mnyonge katika chumba chenye dirisha moja. Mwenye nyumba alimtukana, wateja walimcheka, naye aliinamisha kichwa na kuendelea kukaza visikurubu vyake. Hakuna aliyemdhania. Katika toleo hilo la nne, jirani yake, mama mjane, alisingiziwa wizi mbele ya umati. Fundi saa aliujua ukweli. Picha ya mwisho kabla ya katikati ya kitabu ilimwonyesha amesimama kati ya watu, kichwa chini, mdomo umefungwa. Halafu ukifungua ukurasa unaofuata, Tai wa Shaba amebebwa juu juu, mjane analia kwa furaha, na kuna kibandiko cha saa kinachong'aa kifuani pa shujaa, ili msomaji ajue ni nani.

Kati ya picha hizo mbili karatasi za katikati hazikuwepo. Zilikuwa zimechomoka kwenye pini zamani, pengine mgeni wa nyumba ile alizitumia kufungia kitu. Kilichotokea hapo katikati hakikumsumbua Kimya hata siku moja. Aliona mtu amenyamaza, akaona mtu amebebwa, akahitimisha kwamba kunyamaza ndiko kulikomfanya abebwe. Kosa halikuwa la kitabu. Kitabu kilisema kilichosema. Msomaji ndiye aliyechagua kujenga nyumba yake mahali palipochanika.

Akakua hivyo. Aliokota misumari njiani ili isichome matairi ya watu. Aliikaza koki ya maji iliyokuwa ikivuja katika uwanja wa nyumba yao ya kupanga, kisha akasimama karibu, akijifanya anafunga kamba za viatu, asikie watu wakiulizana ni nani aliyetenda wema huo. Hakuna aliyeuliza. Walimshukuru mwenye nyumba, ambaye alikubali shukrani bila kujua ni za nini. Kimya alitabasamu peke yake, tabasamu la mtu mwenye siri kubwa. Alioa msusi, mwanamke mchangamfu aliyewasuka wateja wake barazani na kujua habari za mtaa mzima kabla wenyewe hawajazijua. Mkewe alimpenda kwa sababu hakuwa mgomvi. Kwa miaka mingi hakuona tofauti kati ya mtu asiye mgomvi na mtu asiyekuwepo.

Karakanani alifanya kazi pia shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mpiga pasi. Alikuwa akilea watoto wake peke yake, na pasi ile ndiyo iliyokuwa sufuria yao. Alikuwa mtu wa utaratibu. Akiondoka mezani, hata kwa kwenda kunawa tu, aliizima pasi, akaisimamisha wima, akaigusa waya mara moja kwa kidole kana kwamba anamuaga mtoto.

Siku ya mkasa, ilikuwa saa ya chakula. Karakana ilikuwa tupu. Kimya alikuwa chini ya meza ya kukatia, akitafuta kipande cha chaki kilichobingirika, aliposikia hatua. Kutoka mahali alipokuwa aliona viatu vya msimamizi, kisha akaona suruali ikishuka juu ya viatu hivyo, viatu vikavuliwa, kisha akaona miguu mitupu ya msimamizi, myembamba, na soksi moja imetoboka kisiginoni. Msimamizi alikuwa na miadi ya kupiga picha studio alasiri ile, na suruali yake ilikuwa na makunyanzi. Aliwasha pasi ya shemeji, akaanza kuinyoosha.

Mtu mwingine angekohoa. Kimya aliona aibu kwa niaba ya miguu ile, akabaki palepale amejikunyata na chaki yake mkononi. Mara honi ikalia nje: mwenye karakana, mama mmoja wa makamo aliyeanza na cherehani moja na ambaye hakuwahi kusahau hivyo, alikuwa amefika bila kutarajiwa. Miguu ikarukaruka ndani ya suruali, viatu vikakimbia. Pasi iliachwa kifudifudi juu ya rundo la sare za walinzi zilizokwisha kamilika, zikisubiri kuchukuliwa.

Kimya aliitazama kutoka chini. Alikuwa na nafasi ya kutoka na kuiinua. Lakini kutoka ni kuonekana, na mtu wa siri haonekani. Alipopiga moyo konde na kuanza kutambaa, moshi ulikuwa umeshatanda na watu wanaingia.

Msimamizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupaza sauti, kama ilivyo desturi ya wenye hatia wenye vyeo. Akasema mpiga pasi ameacha pasi inawaka, akaenda kupiga soga bombani. Shemeji alifika mbio, chombo chake cha chakula kikichuruzika maji, akaapa kwamba aliizima. Mwenye karakana akatazama sare zilizoungua moja baada ya nyingine. Zilikuwa za mteja mkubwa. Akauliza kama kuna yeyote aliyekuwemo ndani. Akamtazama kila mtu, akamtazama na Kimya, aliyekuwa na vumbi magotini.

Kimya aliinamisha kichwa. Katika moyo wake aliiona ile picha, mtu kati ya umati, mdomo umefungwa, na akahisi joto la utukufu likimpanda. Shemeji alifukuzwa kazi pale pale, mbele yake.

Nyumbani alimkuta ameshatangulia, amekaa barazani kwa dada yake, ameshika tama. Mke wa Kimya alikuwa na kitana mdomoni na kichwa cha mteja mapajani, akasuka huku akiuliza. Alitaka kujua mumewe alikuwa wapi pasi ilipoachwa.

"Chini ya meza," Kimya akasema. "Natafuta chaki."

"Sasa chini ya meza utaona nini zaidi ya miguu," mkewe akaguna, na Kimya akakubali kwamba, kweli, chini ya meza mtu huona miguu. Hakusema uongo. Kuna watu hujivunia sana hilo, kwamba hawakusema uongo, na hawajiulizi ukweli wameuweka wapi.

Jioni hiyo hiyo alitoa sanduku chini ya kitanda, akafungua toleo la nne, akalisoma kama mtu anayetafuta dawa. Mkewe aliingia kuchukua taulo, akasimama nyuma yake.

"Huyu mama kafanywa nini?"

"Kasingiziwa."

"Na huyu aliyeinama?"

"Ndiye shujaa mwenyewe. Lakini hawamjui."

Mkewe akafunua ukurasa mmoja, akaurudisha, akaufunua tena. "Mbona huku ameinama, huku wanambeba? Hapa katikati pana nini?"

"Hapana kitu. Pamechanika."

"Mh," mkewe akasema. "Basi hapo ndipo palipokuwa na kazi." Akachukua taulo lake, akaenda zake. Kimya akafunga kitabu kwa upole wa mtu anayewahurumia wasioelewa.

Mpango ulikuwa tayari kichwani. Jumapili asubuhi, shemeji alipokwenda kuteka maji na wanawe, Kimya alifika mlangoni pake, ukosi wa koti umesimama na kofia imeshuka hadi nyusi, akaweka mfuko wa unga, chupa ya mafuta na miche ya sabuni. Akarudi kwa njia ya mzunguko. Jirani mmoja alimwona na kumsalimu, naye akapita bila kuitika, na jirani akadhani ameugua jino. Jumapili iliyofuata alirudia. Kila mara alitembea kifua mbele, akihesabu nafsi yake kuwa miongoni mwa wachache.

Shemeji, kwa upande wake, alibisha hodi katika kila karakana na kila nyumba ya dobi mjini. Popote alipouliza kazi, swali lilikuwa moja: si wewe uliyechoma sare za walinzi? Habari ilimtangulia kila mahali, na yeye alifika nyuma yake amechoka. Aliacha kuapa kwamba aliizima. Usiku alilala akiiona ile pasi, kidole chake kikigusa waya, na kila siku kidole kile kilizidi kuwa mbali. Mtu akiambiwa jambo na watu wote, na hakuna hata mmoja wa kumwambia kinyume, huanza kujishuku mwenyewe. Na ule mfuko wa unga mlangoni ulimtesa zaidi ya njaa. Alijua hakuna anayetoa bure. Alitafakari nani anayeweza kumwonea huruma hivi, na kila alivyotafakari alimwona mtu mmoja tu, yule aliyemfukuzisha na ambaye bila shaka roho inamsuta kwa ukali wake.

Basi siku moja, kazi imepamba moto na mwenye karakana yupo akikagua vifungo, shemeji aliingia karakanani kwa nguo zake nzuri. Cherehani zikanyamaza moja moja. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa msimamizi, akapiga goti kidogo kwa heshima, akasema amekuja kushukuru. Alisema hakutegemea wema ule. Alisema vitu vilivyoachwa mlangoni amevipata, vyote, na wanawe wamekula, na kwamba yeye hana kinyongo tena.

"Na kuhusu ile pasi," akaongeza, sauti ikishuka, "nimefikiri sana. Labda kweli niliiacha mimi."

Msimamizi alikuwa na sekunde moja ya kushangaa. Alipotoka ndani ya sekunde hiyo alikuwa mtu mwema. Akapangusa jasho jembamba, akasema si kitu, binadamu tunasaidiana, na yeye hapendi mambo kama hayo yatangazwe. Mwenye karakana alimtazama kwa macho mapya. Washonaji wakanong'onezana kwamba, kumbe, mtu usimhukumu kwa sura. Mshona vifungo peke yake aligoma kuguswa. Aliendelea kuuma uzi.

Na Kimya?

Ingependeza kuandika kwamba moyo wake uliraruka kwa ajili ya mwanamke aliyeinama pale, aliyefika mahali pa kuukana ukweli wake mwenyewe kwa sababu ya mfuko wa unga. Ulipaswa kuraruka. Lakini kilichomchoma kilikuwa kingine. Alikuwa amevumilia kufokewa, kusingiziwa, kuitwa bwege. Alikuwa amevumilia mwenye nyumba kushukuriwa kwa koki ya maji. Sasa aliona wema wake wa siri, ule wa Jumapili mbili, ukivaliwa na yule mwenye soksi iliyotoboka, tena ukimkaa vizuri. Mkasi ulimtoka mkononi ukagonga meza.

"Unga ni wangu," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake ikitamka zaidi ya neno moja.

"Na mafuta. Na sabuni. Mimi ndiye niliyeviweka."

Shemeji aligeuka polepole. "Wewe, shemeji?"

"Mimi."

"Kwa nini uvifiche? Si ungepitisha kwa dada?"

Hilo hakulitegemea. Alidhani wakati huu watu wangekuwa wameshaanza kumbeba. Akasema mtu akitenda wema hatakiwi kujulikana. Mshona vifungo akauliza, bila kuinua macho, kama sasa hivi hajulikani. Kicheko kikapita chumbani. Lakini shemeji hakucheka. Alikuwa akimtazama kwa makini, kama anavyotazama nguo kabla ya kuipitisha pasi.

"Siku ile ulikuwa chini ya meza," akasema. "Ulisema mwenyewe pale barazani. Uliona nini?"

"Nilikuwa natafuta—"

"Sikuulizi ulitafuta nini. Uliona nini, shemeji?"

Hapo ndipo ukweli ulipotoka, na haukutoka kwa miguu yake. Ulitoka ukisukumwa na hasira ya mtu aliyeporwa sifa, lakini ulitoka. Kimya alinyoosha kidole. Akasema aliona miguu ya huyu, mitupu. Akasema suruali ilikuwa juu ya meza ya pasi. Akasema honi ililia, miguu ikakimbia, pasi ikabaki kifudifudi.

Msimamizi aliruka. Akasema huo ni upuuzi, yeye tangu azaliwe hajavua suruali mahali pa kazi, na huyu ni shemeji yake, wamekula njama. Akamgeukia mwenye karakana akiwa na uso wa mtu aliyeonewa.

Mshona vifungo akaweka sindano chini. "Ndiyo maana," akasema taratibu. "Siku ile ulitoka mguu mmoja una mstari wa pasi kama kisu, mguu mwingine kama umetafunwa na ng'ombe. Nikasema labda ndiyo mtindo."

Safari hii kicheko kilitikisa mabati. Mwenye karakana hakucheka. Aliomba aione ile picha ya studio, ambayo msimamizi aliibandika kwa fahari juu ya kiti chake, akaisogeza dirishani, akaitazama chini ya magoti kwa muda mrefu. Kisha akamwambia msimamizi achukue koti lake.

Shemeji alirudishwa kwenye pasi siku hiyo hiyo, na mwenye karakana alimwomba radhi mbele ya wote, jambo ambalo si kila mwenye mali analiweza. Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Karakana ilihitaji shujaa, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, walimpa Kimya kazi hiyo. Walimpiga mgongoni. Walimwita mwanamume. Muuza chai alimletea kikombe cha moto. Ndani ya juma moja hadithi ilikuwa imetiwa chumvi kiasi kwamba Kimya alikuwa ameruka kutoka chini ya meza na kumkaba msimamizi, na mhusika mwenyewe, akisikia hivyo, hakusahihisha. Alitabasamu. Msusi peke yake hakumpongeza. Alimuuliza jambo moja tu nyumbani, kwamba siku zile zote mdogo wake analia barazani, yeye alikuwa akila chakula kwa mdomo upi. Halafu akaendelea na nywele za watu, na kwa muda mrefu alizungumza na wateja zaidi kuliko na yeye.

Sifa zikamvimbisha. Alipoona shemeji peke yake hajamshukuru, alijikaza, akajongea meza ya pasi wakati wa mapumziko. Mvuke ulikuwa ukipanda. Akazunguka zunguka, akauliza kama ule unga ulikuwa mzuri, maana aliuchagua mwenyewe.

Shemeji alimaliza ukosi aliokuwa akiunyoosha. Akaikunja sare, akaiweka juu ya nyingine.

"Ulikuwa mzuri," akasema. "Watoto walikula wakashiba. Mimi nilikuwa nakaa nao mezani najiuliza ni kitu gani kimeniingia mpaka nikaunguza mali ya watu. Nilifika mahali naogopa hata kuwasha jiko."

Kimya akatafuta neno. Alilokuwa nalo lilikuwa lile lile la siku zote, na hata yeye aliona halifai.

"Sikuchukii, shemeji. Dada yangu yuko kwako na watoto wanakupenda." Akavuta sare nyingine, akaitandaza. "Ila siku nyingine ukiona jambo, njoo na mdomo wako. Unga najua unapouzwa."

Akamwomba asogee, alikuwa amemzibia mwanga. Kimya akasogea, akabaki amesimama hatua chache pembeni, mikono imening'inia, mpaka mapumziko yakaisha na mtu akamwita kwenye kitambaa.